Ufadhili wa Uzamili Nje ya Nchi kwa Mwenye Pasi ya Kirusi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mhitimu wa chuo kikuu cha Urusi anayetafuta ufadhili wa shahada ya uzamili au uzamivu nje ya nchi yake hapaswi tena kuanza na swali la chuo gani ni kizuri. Tangu mwaka 2022 mambo mengi yaliyokuwa ya kawaida yamebadilika, kuanzia viza na mitihani ya Kiingereza hadi matumizi ya kadi ya benki, na kijana mwenye alama za juu kabisa anaweza kupata barua ya udahili akashindwa kuondoka kwa sababu ya jambo ambalo angeligundua mapema kama angeuliza. Kwa hiyo mpangilio wa mwongozo huu unaanza na uhalali na njia, unakuja kwenye nyaraka, na ndipo unafika kwenye maombi yenyewe.

Ninawaandikia hasa jamaa zetu walioko Urusi. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa cha Moscow, kilichofunguliwa mwaka 1960 na ambacho mwaka 2023 kilirudishiwa jina la Patrice Lumumba, kimesomesha Waafrika wengi, wakiwemo wa Afrika Mashariki, na baadhi yao walibaki, wakaoa au kuolewa, wakalea watoto huko huko. Watoto hao sasa ni wahitimu wenye pasi ya Kirusi, na mzazi anayetaka kuwashauri hukuta kwamba uzoefu wake mwenyewe wa kupata ufadhili, wa kutoka Dar es Salaam au Nairobi kwenda Moscow, haumsaidii sana katika safari ya kutoka Moscow kwenda kwingine.

Hatua ya kwanza: ondoa kwenye orodha milango iliyofungwa

Andika nchi na programu zote unazozifikiria, kisha futa zile ambazo pasi ya Kirusi haizifikii. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza kwa shahada ya uzamili, ulisitishwa kwa Warusi mwaka 2022, na Fulbright ya Marekani nayo haichukui tena waombaji kutoka Urusi. Jamhuri ya Ucheki iliacha kutoa viza za masomo kwa raia wa Urusi mwaka 2022, na Estonia ikafunga mlango huo mwaka huo huo. Hata ukipata chuo cha nchi hizo kinachokukubali, barua yake haitakufikisha darasani.

Marekani inahitaji maelezo zaidi. Vyuo vyake vingi bado vinawapokea Warusi na kuwalipia, hasa katika uzamivu, lakini ubalozi wa Marekani mjini Moscow hautoi viza za kawaida. Tangu Septemba 2025 Warusi wanaoomba viza zisizo za uhamiaji wameelekezwa kwenda Astana au Warsaw. Anayechagua njia hiyo aiwekee bajeti ya safari, malazi na muda wa kusubiri, na asiache kufanya hivyo kwa kudhani kwamba chuo kitalipa.

Jambo moja linawatisha watu bila sababu. Novemba 2025 Umoja wa Ulaya uliacha kuwapa Warusi viza za Schengen za kuingia mara nyingi. Uamuzi huo unahusu viza za muda mfupi. Mwanafunzi huomba viza ya kitaifa ya muda mrefu, ambayo kila nchi inaitoa kwa sheria zake, na Italia, Ufaransa, Ujerumani na Hungaria zimeendelea kuitoa.

Wenye uraia wa nchi mbili waamue mapema. Kenya inaruhusu uraia pacha tangu katiba ya mwaka 2010, hivyo kijana mwenye pasi ya Kenya na ya Urusi anaweza kuomba baadhi ya programu kama Mkenya, ikiwemo Chevening, mradi atimize masharti mengine. Akishachagua pasi moja aitumie katika nyaraka zote za ombi hilo, kwa sababu waratibu hulinganisha majina, na jina lililoandikwa kwa herufi tofauti katika pasi mbili huzua maswali yanayochelewesha kila kitu. Tanzania haiwaruhusu watu wazima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo kijana wa Mtanzania aliyeshika pasi ya Kirusi ataomba kama Mrusi.

Hatua ya pili: kagua orodha ya asasi zisizotakiwa

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo ambayo ningemsihi kila mzazi asikubali irukwe. Sheria ya Urusi ya mwaka 2015 inairuhusu serikali kuitangaza asasi ya kigeni kuwa isiyotakiwa nchini, na raia anayeshiriki katika shughuli za asasi hiyo anaweza kutozwa faini ya rubo 5,000 hadi 15,000. Akirudia baada ya faini hiyo, kosa linakuwa la jinai na kifungo chake kinaweza kufika miaka minne. Orodha hiyo haina wanasiasa peke yao. Bard College ya Marekani iliingizwa mwaka 2021, wakfu wa Kijerumani wa Heinrich Böll mwaka 2022, na mwaka 2025 zikafuata British Council na Chuo Kikuu cha Yale. Taasisi za namna hiyo ndizo zinazodahili, zinazofadhili na zinazosimamia mitihani.

Ukaguzi wenyewe ni rahisi. Fungua orodha rasmi katika tovuti ya Wizara ya Sheria ya Urusi na utafute majina matatu: chuo unachokiomba, shirika linalotoa fedha, na shirika linalosimamia ufadhili kwa niaba ya mtoaji. La tatu ndilo husahauliwa, kwa sababu jina lake huandikwa chini ya ukurasa au hujitokeza kwenye mkataba peke yake. Rudia ukaguzi siku ya kutuma maombi, siku ya kusaini mkataba, na kila unapopanga kurudi nyumbani likizo, maana jina linaweza kuongezwa wakati wowote.

Kwa Ujerumani uangalifu uwe mkubwa zaidi. DAAD, shirika la mabadilishano ya kitaaluma la nchi hiyo, lilisitisha mwaka 2022 ushirikiano wake na taasisi za Urusi huku wakati huo likiendelea kupokea maombi ya mtu mmojammoja, lakini uhusiano wa nchi hizo mbili umezidi kuharibika tangu wakati huo, na hadhi ya kila shirika la Kijerumani itazamwe upya kila msimu. Ukikuta jina lenye utata, tafuta wakili aliyeko Urusi anayeifahamu sheria hiyo kabla hujajaza fomu. Ushauri wa marafiki walioko nje hautoshi, kwa kuwa wao hawatavuka mpaka pamoja nawe.

Hatua ya tatu: chagua njia, kisha chuo

Njia iliyo imara zaidi kwa sasa ni ile ya makubaliano ya serikali na serikali, na humo China ndiyo inayoongoza. Ufadhili wa serikali ya China hulipa ada, bweni na bima, pamoja na posho ya yuan 3,000 kwa mwezi kwa uzamili na 3,500 kwa uzamivu. Umri wa mwombaji usizidi miaka 35 kwa uzamili na 40 kwa uzamivu. Unaombwa kwa njia mbili: kupitia mamlaka za nchi ya mwombaji na ubalozi, au moja kwa moja kupitia chuo cha China kilichopewa nafasi. Nashauri kuwasiliana kwanza na mhadhiri wa chuo unachokitaka, kwa barua fupi inayotaja utafiti wake kwa usahihi, kwa sababu barua yake ya kukukubali huipa nguvu ombi lako katika njia zote mbili. Mwombaji hutakiwa pia mpango wa masomo, barua mbili za maprofesa au maprofesa washiriki, na fomu ya uchunguzi wa afya ambayo hukubalika kwa miezi sita tu, hivyo usiijaze mapema mno. Bweni likiwa bure, posho ya China inamtosha mwanafunzi anayejipangia matumizi, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu kila ufadhili utakaofuata.

Hungaria ilianzisha ufadhili wa Stipendium Hungaricum mwaka 2013, na Urusi ni miongoni mwa nchi zenye mgao. Mwombaji hujaza fomu katika mfumo wa Hungaria na wakati huohuo hufanya maombi kwa upande wa Urusi, kwa kuwa Wizara ya Sayansi na Elimu ya Juu ya Urusi ndiyo inayopendekeza majina; ukifanya upande mmoja tu, ombi halina thamani. Dirisha hufungwa katikati ya Januari. Ada inalipwa yote, lakini posho ya uzamili ni forinti 43,700 kwa mwezi, sawa na takriban yuro 110, na anayekosa nafasi bwenini hupewa forinti 40,000 za kusaidia kodi, kiasi ambacho hakilipi chumba mjini Budapest. Ufadhili huu ni wa kweli na ni wa heshima, ila familia ijue tangu mwanzo kwamba italazimika kuongeza fedha kila mwezi, au mwanafunzi achague mji mdogo kama Debrecen, Szeged au Pécs, ambako maisha ni nafuu.

Uturuki, kupitia Türkiye Bursları, hupokea maombi kuanzia Januari 10 hadi Februari 20 kila mwaka bila ada yoyote. Umri uwe chini ya miaka 30 kwa uzamili na chini ya 35 kwa uzamivu, na wastani wa alama usipungue asilimia 75. Hulipa ada, bweni, bima, posho, tiketi ya kwenda na ya kurudi, na mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki. Korea Kusini nayo, kupitia Global Korea Scholarship, hutanguliza mwaka wa lugha. Umri uwe chini ya miaka 40, na mwombaji huchagua njia ya ubalozi, anakoweza kutaja vyuo vitatu, au njia ya chuo, anakotaja kimoja. Ukituma kwa njia zote mbili unaondolewa. Ufadhili wa Wizara ya Elimu ya Japani, ujulikanao kama MEXT, huwapa mwanya mzuri wanaoishi mbali na Moscow, kwa kuwa Japani ina balozi ndogo Vladivostok, Khabarovsk na kwingineko.

Kwa anayetaka Ulaya, ninaiweka Erasmus Mundus mbele ya nyingine zote. Hii ni shahada ya uzamili inayoendeshwa na vyuo vya nchi kadhaa kwa pamoja, ambapo mwanafunzi husoma katika nchi zisizopungua mbili, ada yake hulipwa, na hupata yuro 1,400 kwa mwezi. Vikwazo vya Umoja wa Ulaya vya Aprili 2022 vilizuia taasisi za Urusi zinazomilikiwa na dola kupewa fedha za Umoja huo, na kwa hiyo vyuo vya Urusi vilitoka katika miungano hiyo, lakini mwanafunzi mmojammoja wa Kirusi hakuzuiwa. Maombi hutumwa moja kwa moja kwa kila muungano wa vyuo, mengi kati ya Oktoba na Januari, na unaweza kuomba programu zaidi ya moja. Ufadhili wa Eiffel wa Ufaransa una utaratibu tofauti: mwombaji haombi mwenyewe, bali chuo cha Ufaransa ndicho kinachompendekeza, na kwa uzamili umri hauzidi miaka 25. Kwa kuwa vyuo huwasilisha majina mwanzoni mwa Januari, anayeandikia chuo mwezi Desemba huwa amechelewa.

Italia inastahili kusimuliwa kwa urefu, kwa sababu ufadhili wake wa mikoa haumtaki mwombaji awe bingwa wa darasa. Huo ni haki ya kisheria ya mwanafunzi ambaye familia yake ina kipato kidogo, awe Mwitalia au mgeni, na husimamiwa na wakala wa mkoa, kama EDISU katika Piemonte au ER.GO katika Emilia-Romagna. Anayestahili husamehewa ada, hupewa posho, chakula cha kantini, na mara nyingi kitanda bwenini. Kipimo chake ni hesabu ya kipato na mali ya familia nzima, na hesabu hiyo hujengwa juu ya karatasi. Utatakiwa kuwa na cheti kinachoonyesha watu wa kaya, cheti cha mapato cha kila mtu mzima (kile ambacho Warusi wameendelea kukiita 2-NDFL), salio la akaunti zote za benki siku ya Desemba 31 ya mwaka unaotajwa na tangazo, na dondoo la daftari la ardhi linaloonyesha nyumba na ukubwa wake kwa mita za mraba. Tangu Machi 2023 dondoo hilo halionyeshi jina la mmiliki kwa mtu mwingine bila idhini ya mmiliki, kwa hiyo mama au baba aliombe mwenyewe. Vyote vithibitishwe kwa apostili, yaani muhuri wa kimataifa wa kuthibitisha hati, na kutafsiriwa kwa Kiitaliano kabla mwanafunzi hajaondoka. Ukishapata ufadhili, kumbuka sharti la mwaka wa kwanza: kwa kawaida ni lazima uwe umekusanya krediti 20 kufikia Agosti 10, na anayeshindwa anaweza kudaiwa fedha alizokwisha kula.

Zipo njia nyingine mbili ambazo wengi hawazifikirii. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mfalme Abdullah, KAUST, kilichofunguliwa mwaka 2009 huko Thuwal, Saudi Arabia, kando ya Bahari ya Shamu, humlipia kila anayemkubali katika uzamili na uzamivu ada, nyumba, bima na posho, na hufundisha kwa Kiingereza. Na kwa uzamivu katika Ulaya, mwombaji aache kutafuta ufadhili na atafute ajira: Ujerumani, Uholanzi na Sweden huwaajiri watafiti wengi wa uzamivu kwa mshahara, na nafasi hizo hutangazwa kama kazi. Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, inayofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, hupokea raia wa nchi yoyote, ila mwombaji asiwe ameishi katika nchi ya chuo kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia.

Hatua ya nne: fanya diploma ya Kirusi isomeke na mgeni

Diploma ya Urusi huja na kiambatisho chenye orodha ya masomo, saa na alama, na kiambatisho hicho ndicho kitakachosomwa. Alama ni tano bora, nne nzuri na tatu ya kuridhisha, na masomo mengine hayana alama kabisa bali neno moja tu la kufaulu. Mfumo wa maombi unaodai asilimia hauwezi kuyaelewa hayo wenyewe. Usijikadirie asilimia kwa kubahatisha. Iombe ofisi ya taaluma ya chuo chako barua rasmi inayoeleza mfumo wa alama, wastani wako, na jinsi masomo yasiyo na alama yanavyohesabiwa. Kama una diploma nyekundu, barua hiyo ieleze maana yake, yaani angalau asilimia 75 ya alama ni tano na hakuna tatu hata moja, kwani mtathmini wa Seoul au Ankara akiona jalada jekundu halitamwambia lolote.

Krediti ni rahisi zaidi kuzieleza. Kizio kimoja cha Kirusi ni saa 36 za kazi na mwaka mmoja una vizio 60, hivyo shahada ya kwanza ya miaka minne ina 240, sawa na hesabu ya Ulaya. Mwenye diploma ya mtaalamu ya miaka mitano au sita aeleze kwamba aliingia katika mfumo ambao hauna shahada ya kwanza tofauti, vinginevyo ataulizwa iko wapi.

Apostili ya vyeti vya elimu hutolewa na mamlaka ya elimu ya mkoa, siyo na wakili wa kuthibitisha nakala. Kama kumbukumbu za diploma hazijaingizwa katika mfumo wa taifa, ofisi hulazimika kukiandikia chuo na kusubiri jibu, na shughuli hiyo inaweza kuchukua wiki nyingi. Ipeleke diploma yako mara tu unapoipata mwezi Julai, hata kama hujaamua nchi. China nayo ilijiunga na mfumo wa apostili Novemba 7, 2023, kwa hiyo maelezo ya zamani kuhusu kupitisha vyeti ubalozini yahakikiwe upya na chuo husika.

Hatua ya tano: panga mtihani wa lugha mapema

Mitihani ya Kiingereza ya IELTS na TOEFL haifanyiki tena nchini Urusi tangu mwaka 2022. Waombaji husafiri hadi Almaty, Yerevan, Tbilisi au Istanbul, na kwa kuwa kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa na benki za Urusi hazilipi nje ya nchi tangu Machi 2022, hata ada ya mtihani huhitaji jamaa mwenye kadi ya nchi nyingine. Ninyi wenye ndugu Dar es Salaam, Mombasa, Dubai au Muscat mna msaada ambao wenzenu hawana. Mwombeni mmoja alipie, na risiti itunzwe. Fanya mtihani miezi mitatu au minne kabla ya dirisha kufungwa ili upate nafasi ya kurudia. Uliza pia kama chuo kinakubali barua ya kuthibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza, maana baadhi ya programu za Urusi hufundishwa hivyo.

Hatua ya sita: andika barua ambayo wewe peke yako ungeweza kuiandika

Barua ya nia ndiyo inayomtenganisha mwombaji na wenzake wenye alama zilezile. Tumchukue mhitimu wa biolojia wa Irkutsk anayeomba uzamili wa ikolojia ya maji baridi. Akiandika, “Tangu utotoni nimependa sayansi na chuo chenu ni maarufu duniani,” msomaji ameshasoma sentensi hiyo mara nyingi asubuhi hiyohiyo. Akiandika, “Katika tasnifu yangu nilichunguza sponji za Ziwa Baikal zinazougua na kufa ufukweni, na nimekwama kwa kuwa sina ujuzi wa kuchambua jeni za bakteria waishio ndani yake, kozi yenu ya muhula wa pili inafundisha jambo hilo hasa, na baadaye nataka kulilinganisha na Ziwa Tanganyika, ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal,” ameonyesha alichofanya, alichokosa, kwa nini programu hiyo ndiyo inayomfaa, na anakoelekea. Hakujisifu popote, na kila kitu alichotaja kinaweza kuhakikiwa.

Kwa msomi wa Kiswahili mambo ni hayohayo. Kiswahili kinafundishwa Moscow na St Petersburg, na mhitimu wa huko anayeomba uzamili Bayreuth nchini Ujerumani au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ataje maandishi aliyoyachambua na swali lililobaki, badala ya kueleza jinsi anavyolipenda bara la Afrika.

Barua za wahadhiri ziombwe wiki sita kabla, na kila mhadhiri apewe wasifu wako, barua yako ya nia na maelezo ya programu. Katika vyuo vingi vya Urusi mhadhiri humwambia mwanafunzi aandike mwenyewe ili yeye atie saini tu. Kataa kwa adabu, na badala yake mpe orodha ya mambo uliyoyafanya katika kozi yake, kwa kuwa barua mbili zilizoandikwa na mkono mmoja hutambulika haraka. Anwani ya barua pepe ya mhadhiri iwe ya chuo, siyo ya kwake binafsi.

Hatua ya saba: tuma, na usimlipe mtu

Anayetaka kuanza masomo Septemba huanza maandalizi Juni au Julai ya mwaka uliotangulia. Oktoba hadi Januari ni miezi ya Erasmus Mundus, Eiffel na Hungaria. Januari hadi Machi ni ya Uturuki, Korea na China. Japani hupokea majira ya kuchipua, na Italia ya mikoa hufunga kati ya Julai na Septemba. Mtu mmoja hawezi kuandaa maombi mazuri kumi. Matatu au manne yaliyoandaliwa kwa makini, katika njia zinazotofautiana, ni mzigo wa kutosha.

Hungaria, Uturuki na Korea hazitozi ada ya maombi. Baadhi ya vyuo vya China hutoza ada inayolipwa kwa chuo chenyewe. Wakala anayeahidi nafasi ya uhakika kwa malipo anauza kitu asichokuwa nacho.

Hatua ya nane: baada ya kukubaliwa

Vijana wa kiume waanze na jeshi. Tangu Januari 1, 2024 umri wa kuitwa jeshini Urusi ni miaka 18 hadi 30, na haki ya kuahirishiwa kwa sababu ya masomo inafungamana na vyuo vyenye ithibati ya serikali ya Urusi, kwa hiyo barua ya chuo cha kigeni haileti ahirisho. Anayeondoka kwa zaidi ya miezi sita hutakiwa pia kujiondoa kwenye daftari la ofisi ya uandikishaji. Jambo hili lizungumzwe nyumbani, na mwanasheria ahusishwe, kabla ya maombi kutumwa, si baada ya tiketi kukatwa.

Viza huombwa mara tu barua ya ufadhili inapofika, na barua hiyo itaje kiasi na muda, kwa sababu ndiyo inayothibitisha uwezo wako wa kifedha. Ujerumani, kwa mfano, humtaka mwanafunzi asiye na ufadhili aonyeshe yuro 11,904 kwa mwaka katika akaunti maalumu, na mwenye barua ya ufadhili unaotosha huondolewa sharti hilo. Pasi iwe na uhai wa kumaliza kozi nzima, kwani kuifanya upya ukiwa nje hutegemea foleni za ubalozi.

Fedha za miezi miwili ya kwanza ubebe taslimu, kwa kuwa posho ya kwanza huchelewa na kadi yako haitafanya kazi. Urusi inamruhusu raia kutoka na fedha za kigeni zisizozidi thamani ya dola 10,000. Fungua akaunti ya benki wiki ya kwanza, ukiwa na barua ya chuo, barua ya ufadhili na hati ya makazi, na benki ya kwanza ikikukatalia kwa sababu ya uraia wako nenda ya pili, ukiiomba ofisi ya wanafunzi wa kigeni ikutajie benki ambayo imekwisha kuwapokea Warusi. Raia wa Urusi anayefungua akaunti nje hutakiwa kuijulisha mamlaka ya kodi ya nchi yake ndani ya mwezi mmoja. Anayeishi nje zaidi ya siku 183 katika mwaka husamehewa, hivyo aliyeondoka Septemba atazame mwaka wake wa kwanza, ambao kwa kawaida haufikishi siku hizo, na atoe taarifa hiyo kupitia akaunti yake ya mtandaoni ya mlipakodi.